Samaki wa Lamduan

Mambo yaliharibika tarehe kumi na tatu Aprili, siku ya kwanza ya Mwaka Mpya wetu wa Songkran, asubuhi, wali wa watawa ukiwa umekwisha kupelekwa hekaluni. Siku hiyo nilikubali kumwagiwa maji mikononi na mtu ninayemchukia kuliko wote.

Kwa wewe ambaye juma lililopita ulifungia samaki wa kukaanga kwa gazeti hili kabla hujalisoma, nakukumbusha kidogo.

Mimi ni Thawi, mgane. Mke wangu Lamduan alifariki mwaka jana kabla ya mvua. Mbele ya hekalu letu kuna bwawa kubwa lililojitenga na mto Mae Klong, na tangu enzi za babu zetu hapo pavuliwi samaki. Ukinunua samaki aliye hai sokoni ukamwachia pale kutafuta thawabu, yako au ya wafu wako, yuko salama kama mtawa. Basi kamati ya hekalu, ikiongozwa na mwenyekiti wetu wa kijiji, Sanguan, ikakaa kikao ambacho sisi hatukuitwa. Ikampangisha tajiri mmoja, Sia Kamphon, maji ya wafu wetu.

Sia akaweka uzio. Akajenga nyumba za wageni na mkahawa. Sasa watu wa mjini wanakuja, wanalipa, wanamnasa samaki, wanapiga naye picha, wanamrudisha, kesho ananaswa na mwingine. Wanaita mapumziko.

Mimi sikumaliza hata darasa la nne. Nikaambiwa nichague: nihame kibanda changu cha ukingoni, au nivae fulana ya kijani niwashikie wateja samaki. Nikavaa fulana.

Nilibaki kwa ajili ya samaki mmoja tu. Ni kaho, yule mwenye kichwa kikubwa na magamba mapana, mfalme wa mito yetu. Lamduan alimnunua akiwa mdogo, mwaka ule tulioambiwa hatutapata mtoto. Akamwachia kwenye ngazi za hekalu, na kila asubuhi ya maisha yake akashuka na bakuli la bati, akaligonga kwa kijiko. Kaho anapanda juu, anapewa wali wa jana. Hakumpa jina. Alisema mwenye jina huitwa na kila mtu.

Baada ya Lamduan kufa nilikaa siku nyingi bila kushuka majini. Kisha asubuhi moja nikachukua lile bakuli, nikagonga. Yakapanda mapovu, ukaja mgongo, ukaja mdomo. Nililia pale ngazini kama mtoto aliyepotea sokoni.

Tangu hapo namgongea kila siku kabla wateja hawajaamka. Namweleza nani kaoa, nani kafa, na kwamba bado nalala upande wangu wa mkeka. Nakiri hilo bila haya. Mchana kutwa watu huniambia "shika", "leta", "inua kichwa chake kidogo". Hayo si mazungumzo.

Haya, turudi kwenye Songkran.

Siku hiyo vijana huwapigia magoti wazee na kuwamwagia mikononi maji yenye maua ya asumini, na wazee huwabariki. Mzee asiye na mtoto hutafuta mahali pa kujificha. Mimi nilijificha nyuma ya ghala la chambo.

Pikun akanikuta. Pikun ndiye mpishi wa mkahawa wa Sia, na ndiye akandaye chambo. Alikuwa shoga wa Lamduan tangu wasichana, ingawa siku hizi naye huniita mjomba kama wafanyakazi wote.

"Toka huko, mjomba. Unajibanza kama kenge."

"Kenge ana watoto. Niache."

"Njoo ukae kitini. Kuna mtu anataka kukumwagia maji."

"Nani huyo?"

"Njoo tu. Mimi nimetumwa."

Nikatoka. Nikwambie ukweli, moyo ulinidunda kwa furaha. Nilidhani labda ni mpwa wa Lamduan amekuja kutoka Suphanburi. Nikafuta mikono kwenye fulana.

Kumbe ni Sia Kamphon mwenyewe. Hirizi zake za dhahabu shingoni, suruali nyeupe, bakuli la fedha mkononi. Nyuma yake mwenyekiti Sanguan, na bwana mmoja mnene mwenye kofia ya kuvulia, na wafanyakazi wote na simu zao zimeinuliwa.

Sia akapiga magoti. Kwenye tope la chambo, na suruali nyeupe!

"Mjomba Thawi," akasema, "wewe ndiye mzee wa bwawa hili. Kama nimekukosea mwaka huu, nisamehe."

Akanimwagia maji. Yalikuwa baridi, yananukia asumini. Tangu Lamduan afe hakuna mtu aliyekuwa amegusa mikono yangu ila samaki.

Ndugu msomaji, nililainika. Mtu akikosa maji muda mrefu, hata ya mtaro hunywa.

Nikamwekea mikono kichwani nikambariki kama nilivyofundishwa na marehemu baba. "Uwe na afya, uwe na nguvu, baya lisikupate, na unachokitamani moyoni mwako ukipate."

Sia hakuinuka. "Hicho cha mwisho, mjomba. Wa nyuma hawakusikia."

"Unachokitamani ukipate."

"Chochote?"

"Chochote, mwanangu."

Akasimama. Akageuka kwa yule bwana mnene. "Bwana Phirat, umesikia kwa masikio yako? Mwenyewe amesema."

Kisha akanitazama akitabasamu. "Ninachotamani ni yule kaho anayekuja kwenye bakuli lako. Bwana Phirat hapa ana kiwanda cha vigae Bangkok, amemaliza mabwawa yote ya nchi hii, na hajawahi kushika kaho wa ukubwa ule. Kesho asubuhi utamwita."

Mikono yangu ilikuwa bado inadondosha maji.

"Sia, yule ni wa mke wangu."

"Ndani ya uzio huu hakuna samaki wa mke wa mtu."

"Alimwachia kwa thawabu! Kwenye ngazi za hekalu!"

"Na mimi simuui. Ananaswa, anapigwa picha, anarudi. Wewe mwenyewe ndiye unawasomea wateja sheria: samaki hatoki majini."

Nikamgeukia Sanguan. Huyu ni mtu niliyekua naye, tuliiba maembe pamoja. "Mwenyekiti, sema neno."

"Niseme nini, Thawi? Baraka ikishatoka mdomoni hairudi. Hata ukikohoa."

Watu wakacheka. Wale wenye simu walicheka zaidi.

Na hapo alisema kweli, ndiyo maana iliniuma. Kijijini kwetu, neno la heri la Songkran ukilimeza tena, huwageukia wafu wako. Lingemgeukia Lamduan. Sia alizaliwa mjini, hajui hayo. Nani alimfundisha? Mtu mmoja tu pale alikuwa na sababu ya kumfundisha, na alikuwa anajipepea kwa kofia yake ya mwenyekiti wa kijiji.

Alasiri nikamfuata Pikun ghalani. Alikuwa anakanda pumba za mpunga na makombo ya mkate, anamiminia tui la nazi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Niliambiwa nikuite. Sikuambiwa kwa nini."

"Ungeuliza."

"Mimi nikiuliza, mjomba, kesho kutwa mtaona mpishi mwingine."

Nikakaa juu ya gunia. "Nitagonga vibaya. Nitagonga kama mlevi. Hatakuja."

Pikun akaendelea kukanda. Kisha akasema bila kuinua macho, "Ugua."

"Nini?"

"Kesho ugua. Sema tumbo. Mimi nitasema nilikuona unaharisha njia nzima. Usiingie majini na yule samaki."

"Nisipokuwepo nani atamshika vizuri? Hao vijana wa zamu wanamshika kama gunia la saruji."

"Mjomba, nakuomba. Usimtazame kwa karibu."

"Unaogopa nitalia mbele ya wateja?"

Akapiga donge la chambo kwa ngumi. "Ndiyo. Naogopa utalia."

Nikamwona mwema. Nikarudi kibandani kwangu nikiwaza kwamba angalau mtu mmoja duniani ananionea huruma.

Kulipokucha walikuwa wamenitangulia ngazini. Bwana Phirat ameketi kwenye kiti cha kukunja, fimbo yake ya kuvulia nene kama mwanzi wa kuswagia ng'ombe. Sia na kahawa. Sanguan na maandazi ya Sia. Pikun na ndoo ya chambo, macho mekundu.

"Haya mjomba," akasema Sia. "Mwite mtoto."

Nikaligonga bakuli. Lamduan aligonga taratibu, kama anayeomba kufunguliwa mlango. Mimi nikagonga mbiombio, kama nyumba inaungua.

Kimya. Maji yetu yana rangi ya chai ya maziwa, huoni kitu. Hapakuwa na hata povu.

"Gonga vizuri."

"Hivi ndivyo ninavyogonga."

"Mzee huyu ananichezea," akasema Sia. Akaninyang'anya kijiko akagonga mwenyewe. Aligonga mpaka mbwa wa hekaluni wakabweka.

Bwana Phirat akacheka. "Sia, umeniita kwa ajili ya samaki au kwa ajili ya ngoma?"

"Subiri, kaka."

"Nasubiri. Mimi ninayesubiri ndiye ninayelipa, sivyo?"

Sia akawa mwekundu. Mimi ndani yangu nilicheka, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nikajisemea, Lamduan, tumewashinda. Nikashuka ngazi moja, nikasimama majini mpaka magotini, nikawapa mgongo wasinione uso.

Na hapo ndipo alipokuja.

Hakuna aliyegonga. Bakuli lilikuwa mkononi mwa Sia. Alikuja tu, kwa sababu ilikuwa saa yetu na kivuli changu kilikuwa mahali pake. Ukapanda mgongo, mpana kama mgongo wa nyati. Akafungua mdomo mbele ya magoti yangu, anangoja wali.

"Nenda," nikanong'ona. "Nenda, mpumbavu wee."

Hakwenda. Angeendaje? Kila siku nilimwambia abaki.

Chambo kikatua pembeni yangu, chubwi. Mdomo ukageukia huko. Chelezo cha mshipi kikazama.

Sitaki kueleza yaliyofuata. Samaki alivuta mpaka Bwana Phirat akavua kofia, akavua na miwani. Alipoishiwa nguvu akaletwa ngazini akilala ubavu, na Sia akapiga kelele, "Mjomba, machela!"

Machela ni ule wavu unaoelea tunaomlazia samaki. Nikaingia mpaka kifuani. Nikaupitisha chini ya tumbo lake. Nikamtoa ndoana, nikampaka dawa nyekundu kwenye jeraha, mikono yangu ikifanya kazi yake kama kila siku.

Kisha nikapeleka mkono mkiani kumtuliza.

Samaki wa Lamduan alikuwa na pengo mkiani. Muuza samaki alikuwa ameshampiga panga pale Lamduan aliposema "usimuue, namchukua". Nilikuwepo. Ncha ya juu ya mkia iliruka, ikaanguka kwenye ndala yangu. Pengo lile halikuziba tena, na miaka yote, akigeuka kuzama, tuliliona; lakini tangu Lamduan afe nilitazama mdomo tu, mkia sikuutafuta.

Mkia niliokuwa nimeushika ulikuwa mzima.

Nikaupapasa tena. Mzima. Nikapandisha mkono mgongoni, na chini ya pezi nikagusa kitu kigumu. Kijiti cha plastiki, cha njano, kama cha wale samaki ninaowashikia wateja kila siku.

"Sia," nikasema. "Huyu naye ana kijiti kwa nini?"

"Alama ya shamba la samaki. Wote niliowanunua wanayo." Alikuwa anapanga watu kwa picha. "Huyo alitoka Nakhon Sawan na lori, siku ya ufunguzi. Kwani hukujua?"

"Nilimgongea bakuli akaja."

"Kaho akizoeshwa chakula huja hata ukipiga chafya. Inua kichwa chake kidogo, Bwana Phirat yuko tayari."

Sikuinua kichwa. Kwa hiyo yote niliyoyasema asubuhi zile, ya mkeka, ya upande wangu wa kulala, nilikuwa namwambia mgeni aliyeshushwa kwenye lori.

"Wa mke wangu yuko wapi?"

"Sasa mjomba, nitajuaje? Kabla sijaleta wangu bwawa lote lilikaushwa na kuvutwa wavu wa jarifa."

"Mliniambia mtakausha upande wa mianzi tu! Mwenyekiti, wewe ndiye uliyeniambia! Ulikuja hekaluni nikiwa nimekaa na maiti, ukaniambia upande wa mianzi tu!"

Sanguan akaacha kutafuna. "Ulikuwa na msiba. Sikutaka kukuongezea mzigo."

"Samaki wa hekalu mliwapeleka wapi?"

"Mtoni. Tuliwaachia mtoni, wote, kwa heshima zote. Watawa walisoma."

"Wote, mwenyekiti?"

Hiyo haikuwa sauti yangu. Alikuwa Pikun. Ameweka ndoo chini, mikono yake myeupe kwa pumba mpaka viwikoni.

"Pikun, rudi jikoni," akasema Sanguan.

"Nauliza tu. Wote?"

"Nimesema wote."

"Basi yule uliyeniletea mimi alitoka wapi?"

Bwana Phirat akashusha kofia. "Jamani, picha…"

"Wiki ya matanga ya Lamduan," akasema Pikun, na sasa alikuwa ananiangalia mimi, siyo wao. "Mimi ndiye nilikuwa napika hekaluni. Wageni walikuwa wengi kuliko mboga. Mwenyekiti akaja na beseni la samaki, amekwisha katwa vipande. Hana kichwa, hana mkia. Akasema ni mchango wake kwa marehemu. Nikapara magamba, mjomba. Magamba mapana kama visosi. Nikajisemea, magamba haya ni ya samaki gani? Nikapika mchuzi mchachu. Sikuuliza."

Nikaukumbuka ule mchuzi. Sikuwa nimetia kitu kinywani tangu Lamduan alazwe jenezani, na mtu mmoja alikaa kando yangu akanishikisha kijiko, akaniambia, kula, Thawi, kula kwa ajili yake. Nikala. Nikamaliza nikaongezewa.

Mtu yule alikuwa Sanguan.

"Kaho wapo wengi mtoni," akasema Sanguan haraka. "Nilinunua sokoni."

"Sokoni kwa nani?" akauliza Pikun.

"Nitakumbuka vipi? Mwaka mzima!"

"Kaho mzima, mkubwa vile, hukumbuki uliyemnunua kwake?"

"Wewe mwanamke, nani anakulipa mshahara?"

Sia alikuwa anatazama simu yake. Bwana Phirat alianza kukusanya mishipi yake polepole, kama mtu aliyejikuta ameketi kwenye ugomvi wa familia nyingine.

Mimi nilikuwa bado majini. Samaki wa watu alikuwa amelala mikononi mwangu, anapumua, jicho lake limenielekea. Nikalegeza machela, akatoka polepole, akakaa kidogo kando ya mguu wangu kana kwamba bado anangoja wali, kisha akazama.

Nikapanda ngazi, maji yananichuruzika, nikaenda mpaka mbele ya mwenyekiti. Alikuwa ameshashika ufunguo wa gari. Midomo yake ilikuwa na sukari ya maandazi.

"Sanguan," nikasema. Sikumwita mwenyekiti. "Sikuulizi ulimnunua kwa nani. Wewe ndiye uliyemkata, na mkia ukautupa kabla hujamfikisha kwa Pikun. Niambie kimoja tu."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Mkia wake ulikuwa mzima, au ulikuwa na pengo?"